Utepe Mwekundu Dirishani kwa Jackie

Kiganjo, Thika
3 Februari 2025

Dada Syombua,

Umenifungia WhatsApp, umenifungia simu, hata ile namba ya Rachael niliyoazima uliifunga siku hiyo hiyo. Sawa. Karatasi huwezi kuifungia. Binamu Mbaluka ameapa atakuletea hii pamoja na mayai yake, na amesema ukikataa kuichukua ataisoma kwa sauti mbele ya wateja wako hapo dukani. Kwa hivyo soma tu.

Najua una hasira kwa vile nilimjibu Mwaitu, mama yetu mwenyewe, vibaya kwa group ya familia. Niliandika kwamba mtoto wangu si mbuzi, sitampeleka kwake Matuu akachungwe. Hilo neno la mbuzi lilikuwa kali, nakubali. Lakini Syombua, Kyalo hajafikisha hata mwaka. Ana meno mawili. Nikimwacha Matuu niwe namwona mwisho wa mwezi, si ataanza kunilia kama mgeni? Baba yake yuko na lori kila mahali, huyo tayari anaogopwa nyumbani kwake. Mimi nataka mtoto alale kwangu kila siku na nifanye kazi. Ni hayo tu. Siku nitashindwa, nitamleta mwenyewe kwa Mwaitu na nipige magoti. Lakini sijashindwa.

Nimerudi kile kiwanda cha kushona magunia. Vumbi la nyuzi linaingia puani, ukipenga kamasi inatoka nyeusi, wacha nisiendelee labda unakula. Kyalo namwacha daycare kwa Jackie, karibu na plot yetu. Jackie ameandika kwa geti: DAYCARE YA KISASA, TUNA KAMERA. Na kweli anayo! Ameiweka kwa kile chumba watoto wanalala, na sisi akina mama ametuwekea kwa simu tuwaone. Kazini simu zinafungiwa kabatini, lakini wakati wa chai na wa chakula tunazichukua tunakimbia nyuma ya choo, kwa sababu bando linashika hapo peke yake. Hicho choo, dada, kinafurika tangu Krismasi. Tunasimama hapo na sahani mkononi, nzi wanatua kwa githeri, uvundo unaingia mpaka kwa nywele, tunaangalia watoto wetu.

Shida sasa ni hiyo picha. Inaganda. Unaona Kyalo amelala, mkono umewekwa hivi. Unakula, unamaliza, unaangalia tena, mkono uko vile vile. Wote wametulia kama watoto wa kalenda. Tukimuuliza Jackie anasema, "Aki mama Kyalo, hiyo ni netiweki. Rauta ya Ngigi ni ya zamani za kale." Ngigi ndiye mwenye plot ya Jackie, hizo nyumba za kupanga, na waifai ya plot yote ni yake. Basi akina mama tumekubaliana tununue rauta ya Jackie mpya, na wakanichagua mimi niulizie, ati kwa sababu dada yangu anauza hizo vitu Ruiru. Nilijigamba, nikakubali. Sikuwaambia umenifungia.

Nilijaribu kwanza duka moja hapa Thika ili nisikusumbue. Mwenye duka alikuwa anatafuna miraa na kutema kwa ndoo ya karanga. Makasha yameandikwa Wi-Fi 4, Wi-Fi 5, Wi-Fi 6, na herufi, na nukta. Nikamuuliza tofauti ni nini. Akasema, "Chukua hii ya 5G, inashika mpaka Garissa." Nikamuuliza tena. Akacheka, ule ute wa kijani ukashuka kidevuni, akasema, "Kwani mama unataka waifai ama unataka mtihani?" Nikatoka.

Nieleze wewe. Polepole, kama unaelezea mtu aliachia darasa la nane.

Kyalo anakusalimia. Amekuwa mpole sana siku hizi, si yule wa kulia kama king'ora. Akitoka kwa Jackie ni kulala tu. Rachael, yule wa mashine ya karibu na yangu, hata yeye anasema kamtoto kake Wamboi kamebadilika. Jackie ana mkono mzuri.

Ni mimi mdogo wako,
Ndila


Gitothua, Ruiru
9 Februari 2025

Ndila,

Nimeipokea. Ilikuwa na yai lililovunjika juu yake, na lilikuwa bovu, kwa hivyo nimeisoma nikiwa nimeshika pua. Mbaluka aliniambia, "Soma haraka kabla haijaangua kifaranga." Wajinga nyote wawili.

Sijakufungulia. Mwaitu alilia siku hiyo, na aliyekaa naye kwa simu mpaka akanyamaza ni mimi, si wewe. Lakini swali umeuliza vizuri, na mimi kazi ni kazi.

Kwanza huyo mtu wa miraa ni mwongo. 5G ni mambo ya laini ya simu na minara. Ile 5 ya kwenye router ni kitu kingine. Router nyingi za sasa zina sauti mbili. Kuna ya 2.4 na kuna ya 5. Sikiliza hivi: harusi ikiwa mtaa wa pili, ukiwa kitandani kwako unasikia besi peke yake, du, du, du, maneno husikii. Besi inapita ukuta, na inakawia. Hiyo ndiyo 2.4. Inafika mbali lakini haibebi mengi, na kila mtu kwenye plot anapiga besi yake hapo hapo, zinagongana. Ile 5 ni maneno. Inabeba mengi kwa haraka, lakini ukifunga mlango wa chuma inakufa. Na karibu kamera zote za bei ya chini zinaelewa 2.4 peke yake. Ukiwauzia akina mama router ukafungua ya 5 pekee, kamera haitaiona kabisa.

Zile namba 4, 5, 6 ni kizazi. Zamani waliziita kwa herufi: n ndiyo 4, ac ndiyo 5, ax ndiyo 6. Kizazi kipya kinajua kuzungumza na vyombo vingi kwa pamoja bila kupanga foleni. Lakini vyote vinaelewana na vya zamani, kwa hivyo usitishwe na mtu kwamba kamera yenu haitashika.

Na usinunue mjini. Juzi mteja ameniletea kasha limeandikwa 6, kulifungua ndani ni ya 4, tena iliyotumika, tena imekojolewa na panya. Alitaka nimrudishie pesa wakati hakuinunua kwangu. Aliiweka juu ya kaunta yangu, pale ninapokulia chai. Nimeosha na dawa ya Jik na bado nasikia harufu.

Kabla hamjatoa shilingi, nenda uone hiyo ya Ngigi imewekwa wapi. Nusu ya shida za watu si kizazi, ni mahali. Isiwe nyuma ya friji, isiwe karibu na tangi la maji, isiwe chini. Iinue juu, katikati ya nyumba.

Na usihangaike kila saa na picha. Mtoto kulala ni mtoto kulala.

Syombua


Kiganjo
16 Februari 2025

Dada,

Umejibu! Nimeisoma kwa akina mama nyuma ya choo, nikaruka pale kwa Mwaitu. Ile ya besi imewaingia. Sasa Rachael akisikia mashine za kiwanda anasema, "Hiyo ni mbili nukta nne."

Nimeenda kuona rauta. Ngigi ameiacha kwa jikoni ya Jackie, kwa sababu Jackie ndiye anatumia sana. Dada, mimi nimezaa, nimeosha mtoto wa kuhara, siogopi uchafu. Lakini hiyo jikoni. Rauta iko chini nyuma ya jiko la gesi. Mafuta ya kukaanga yameikamata, ni ya kahawia, inanata kama gamu, na nywele za watu zimejishika hapo. Nikaiinua. Ilikuwa ya moto. Na kwa zile tundu za pembeni wakaanza kutoka mende. Wengi, wadogo, wale weupeweupe ambao wametoka kwa yai sasa hivi, wakanipanda kwa mkono mpaka kwa kwapa. Walikuwa wanaota moto ndani kama watu wa kijijini. Nilipiga nduru. Jackie akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama Kyalo, kwani kwenu hakuna mende?"

"Wako, lakini hawana nyumba ya stima."

Nikaifuta na mafuta ya taa, wakamwagika wengine wamekufa wamekauka, na mabawa yao. Nikaipandisha kwa rafu pale sebuleni. Mkono wangu nimeuosha na sabuni ya kipande mpaka ukawa mwekundu, bado nahisi wanatembea. Na hapo kando ya jiko ndipo Jackie anapika uji wa watoto. Nilitaka kusema kitu. Mtu ameshika mtoto wako mchana kutwa, unaogopa kumkasirisha.

Tumeangalia picha kesho yake. Imekuwa safi kidogo, sasa naona mpaka maua ya shuka. Lakini bado inaganda! Saa ya chai wamelala, saa ya chakula wamelala vile vile, hakuna hata mmoja amegeuka. Rachael alifikiri labda ni picha ya jana. Tukamwambia Jackie, akanuna. "Nimewaambia ni rauta. Nyinyi mnataka miujiza kwa hiyo takataka?" Basi tunarudi kwako: ya 5 ama ya 6?

Kyalo anakula vibaya wiki hii. Uji anauachia mdomoni unatiririka. Nadhani ni meno. Pia Jackie lazima anawapa juisi, kwa sababu kila jioni kola ya Kyalo inanata na inanuka stroberi. Nimemwomba asimpe vitu vya sukari, akasema, "Sawa, mama wa mjini."

Nifungulie simu basi.

Ndila


Gitothua
23 Februari 2025

Ndila,

Mende kwa router nimewahi kuona, lakini hukuhitaji kunieleza mpaka kwapa. Nilikuwa na mandazi mkononi.

Mkinunua kizazi cha 5 mtakuwa sawa kwa nyumba ya kawaida, mtu mmoja na simu mbili. Lakini hapo kuna kamera, kuna simu za wazazi wakija kuchukua watoto, kuna runinga ya Jackie, na kuna vijana wote wa Ngigi wanaonyonya waifai hiyo. Chukueni ya 6. Mbaluka anayo kwenye gari, chini ya trei za mayai. Mtalipa polepole, na usianze kunishukuru.

Kuweka ni hivi. Itakuonyesha majina mawili. Ipe kila sauti jina lake, usiziache ziitwe jina moja, maana kamera nyingine huchanganyikiwa. Ya 2.4 unganisha kamera. Ya 5 ni ya runinga na simu za humo ndani. Weka paswadi mpya, ndefu, na pale wanapokuuliza aina ya kufuli chagua WPA3, na kamera ikikataa rudi kwa WPA2. Usiache wazi. Usiweke jina la mtoto. Tena sauti ya 2.4 ina njia zake. Weka njia ya 1, 6 au 11, ile utakayokuta haina majirani wengi.

Halafu kuna jambo moja mafundi wengi hawafanyi, na mimi nalifanya kila mahali. Kamera ikitazama kitu kilichotulia, huwezi kujua kama picha imeganda au haijaganda. Kwa hivyo weka mbele yake kitu cha kuchezacheza. Funga kipande cha utepe hapo dirishani upepo unapoingia. Utepe ukicheza, picha iko hai. Utepe ukisimama na nje kuna upepo, picha imeganda, na hapo ndipo unilaumu.

Simu sijafungua. Napenda vile kwa karatasi hunikatizi.

Syombua


Kiganjo
2 Machi 2025, Jumapili

Dada yangu,

Haraka haraka kwa sababu Mbaluka anapiga honi. TUMEWEKA. Baada ya kanisa nilienda kwa Jackie na Rachael, watoto hawakuwepo. Nilifuata karatasi yako mstari kwa mstari. Kamera ilikataa WPA3 kama ulivyosema, nikarudi kwa ile nyingine, ikashika! Majina nimeita Kiganjo Kubwa, ya runinga, na Kiganjo Ndogo, ya kamera. Ngigi aliingia akauliza fundi ni nani, Rachael akanionyesha kidole, Ngigi akatafuta mwanaume nyuma yangu.

Utepe nilitoa kazini, ule mwekundu wa kufungia magunia. Nimeufunga kwa chuma cha dirisha, juu ya mahali Kyalo hulala. Upepo ukaingia, ukaanza kucheza, na kwa simu ukacheza vile vile hapo hapo, bila kukawia. Nililia kidogo. Usimwambie Mwaitu.

Jackie hakufurahi sana. Alisema tu, "Sasa mtaona mpaka ndani ya pua."

Kesho saa ya chakula nitamwona mtoto wangu akicheza.

Ndila


Gitothua
3 Machi 2025

Ndila,

Leo ni Jumatatu na nina hakika uko nyuma ya choo chako unatabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Karibu.

Nilimpigia Mwaitu jana jioni nikamweleza yote: kamera, besi, mende, utepe. Alicheka mende. Akaniuliza, "Hao watoto wanaamka saa ngapi?" Nikamwambia picha huwa imeganda, ndiyo maana. Akasema, "Asubuhi imeganda wakilala, mchana imeganda wakilala. Mbona haijawahi kuganda mmoja wao akiwa amekaa?"

Nilimwambia hajui mambo ya mtandao. Nikakata simu. Lakini nimekaa dukani mchana wote na mtu akiniuliza bei nasahau. Ile stroberi uliyoandika. Nenda kwa Jackie ghafla, usimwambie. Mbaluka hapiti mpaka Alhamisi, lakini hii ni ya kuandikwa, si ya kupigiwa simu, maana kwa simu nitapiga kelele.

Hapana. Nakupigia sasa.

Nimekupigia. Simu yako imezimwa.

S.


Kiganjo
5 Machi 2025

Syombua,

Uliponipigia, simu ilikuwa imeisha chaji. Nilipoiwasha nimekuta mara ngapi sijui. Sikukupigia kwa sababu sauti haikuwa inatoka. Sasa naandika, mkono ndio unatoka.

Jumatatu saa ya chakula tulisimama pale kwa ukuta wote. Nikafungua. Ikaja mara moja. Dada, umefanya kazi nzuri, nakuambia ukweli, ilikuwa kama nimesimama kwa hicho chumba. Naona nyuzi za shuka. Naona nywele za Kyalo, zile nilimchana Jumamosi. Utepe unacheza, unaruka juu, unashuka, unajikunja. Rachael akapiga kofi, "Hiyo rauta ya dada yako ni moto!" Wengine wakashangilia.

Kyalo amelala chali, mdomo wazi, mkono ule ule vile vile.

Nzi akaja. Mmoja mkubwa, wa kijani. Akatua kwa mdomo wake wa chini. Akatembea. Kulikuwa na kitu cha waridi kimekauka hapo, akakilamba, akaingia ndani ya mdomo na akatoka tena. Akapanda shavu, akaenda kwa jicho, pale kwa kona, akasimama hapo akinywa. Akaja wa pili. Mimi nikisikia nzi mmoja wa choo kwa githeri yangu nafukuza. Mtoto wangu hakufunga jicho. Hakukunja uso.

"Rachael, utepe unacheza."

"Naona."

"Kyalo hachezi."

Akaangalia simu. Akamtafuta wake. Wamboi alikuwa amejitapikia, amelalia hayo matapishi, shavu limezama ndani. Hata yeye hakuwa anasonga. Sahani ya Rachael ilianguka.

Hatukuomba ruhusa. Askari wa geti aliita, sikugeuka. Tulichukua boda moja watu wawili, na nilikuwa nikimwangalia njia yote, utepe ukicheza, utepe ukicheza, mpaka simu ikazima mkononi.

Mlango wa Jackie haukuwa umefungwa. Alikuwa kwa kiti anakula chipsi anaangalia sinema, kwa ile Kiganjo Kubwa yangu. Niliingia chumbani. Harufu, dada. Kamera haibebi harufu. Mikojo ya tangu asubuhi, matapishi, na juu yake stroberi, stroberi, stroberi. Nilimchukua Kyalo, kichwa kikaning'inia kama cha kuku. Anapumua. Nilimpuliza usoni, nikampiga nyayo, akafungua jicho nusu, jeupe, akalifunga. Kwa dirisha kulikuwa na chupa ya dawa ya maji, ya waridi, mdomo wa chupa umejaa sisimizi. Na kijiko kimoja. Kimoja, Syombua, cha wote, kina ukoko wa dawa na alama za meno.

Nilimrushia Jackie hicho kijiko. Kilimpata kifuani.

"Hii ndiyo nini?"

"Ni ya mafua tu. Kila mtu hutumia."

"Wana mafua wote? Kila siku?"

Akasimama. Nilifikiri atakana, atalia. Akanionyesha kidole cha mafuta ya chipsi. "Nyinyi ndio mlitaka! Kabla ya kamera mtoto alikuwa akilia hapa nalea, nabeba, naimba. Mkawekewa kamera, mtoto akilia kidogo simu tano. 'Jackie, mbona analia? Jackie, mbona amekaa peke yake? Jackie, huyo mwingine anamshika nywele.' Sasa wakilala mnanitumia nini? Wewe mama Kyalo uliniandikia nini? 'Mungu akubariki Jackie, una mkono mzuri.' Nikawapa mnachotaka kuona."

Hiyo ndiyo inanitia kinyaa mpaka leo, kuliko nzi, kuliko mende kwa kwapa. Niliandika hivyo kweli. Niliipenda hiyo picha. Nilimwonyesha Rachael, nikasema ona vile amependeza.

Hospitali wakamwekea maji. Daktari alisema ni dawa ya mzio inayoleta usingizi, haifai mtoto wa umri huu, na kwamba hatukuchelewa. Alirudia hivyo mara mbili, nadhani kwa sababu ya vile nilivyokuwa nikimwangalia. Wamboi yuko kitanda cha pili. Kyalo jana jioni aliamka akalia, king'ora kile cha zamani. Nesi akaja mbio kumtuliza. Nikamwambia tafadhali, muache.

Polisi wa dawati la watoto wameandika maelezo. Daycare imefungwa.

Kwa hivyo nimeshindwa. Nilisema nitakuja mwenyewe kupiga magoti, na nitakuja. Mwambie Mwaitu tutafika Jumapili, na nguo za Kyalo ziko kwa mfuko. Sijui nitamwacha vipi. Lakini nitamwacha.

Ndila


Gitothua
6 Machi 2025

Ndila wangu,

Nimekufungulia simu, nimekufungulia kila kitu. Nakuandikia tu kwa sababu Mbaluka yuko hapa, amekaa kwenye trei zake, hasemi mzaha hata mmoja.

Nilikuambia mtoto kulala ni mtoto kulala.

Nimeongea na Mwaitu. Nilimsomea barua yako, nikasimama pale kwenye nzi, nikashindwa, akasema endelea. Nilipomaliza aliuliza kama mtoto amekojoa tangu aamke, na kama wewe umekula. Nikamwambia mnakuja Jumapili. Akasema msije.

Ameniambia nikuandikie hivi, kama alivyosema: "Mwambie Ndila mbuzi nitawaachia jirani. Mtoto nitamfuata mwenyewe."

Yuko safarini. Mtafutie kitanda kisicho na kunguni.

Syombua


Kiganjo
13 Aprili 2025

Dada,

Najua tuliongea jana kwa simu saa nzima, lakini Mwaitu anasema asiponiona nikiandika atafikiri tumekosana tena. Yuko hapa nyuma yangu, anakunja nepi na kulalamika. Maji ya Kiganjo yananuka chuma. Mboga za sukuma za hapa zimemea kwa maji ya choo. Jirani anatupa nepi kwa paa. Kila kitu kinamtia kinyaa, na haondoki.

Anawalea wawili, Kyalo na Wamboi, na Rachael analeta unga na maziwa. Rauta tulienda kuichukua kwa Ngigi, akajaribu kusema ni ya plot, Mwaitu akamwangalia tu, Ngigi akaitoa mwenyewe ukutani. Nimeifungua yote nikaikagua kwa tochi. Hakuna mende. Iko juu ya kabati, katikati ya nyumba, kama ulivyofundisha. Kamera ya Jackie tulitoka nayo pia, tulitaka kuitupa. Mwaitu ndiye alikataa, anapenda kuiongelesha. Haina sauti, nimemwambia, lakini kila saa ya chakula anakuja mbele yake, meno yote nje, na naona midomo: Ndila, umekula?

Utepe niliufunga tena dirishani. Kyalo ameutoa, ameutafuna, nusu hatujui iko wapi. Mwaitu anakagua nepi kila asubuhi akiutafuta na ananipigia simu kunieleza. Wacha nisiendelee, labda unakula.

Ijumaa nilikuwa pale kwa ukuta wa choo, sahani mkononi. Nikafungua simu, nikawaona, halafu stima zikapotea huku nyumbani. Picha ikaganda. Safari hii iliganda kweli, na utepe hakuna wa kuniambia. Mwaitu alionekana mgongo tu, anakimbia. Wamboi ameshika kikombe kichwa chini. Na Kyalo, uso mzima mbele ya kamera, macho amefinya, mdomo umefunguka mpaka naona yale meno mawili na la tatu linatoka, kamasi mpaka kidevuni, mguu mmoja uko juu hewani unapiga mtu.

Rachael akauliza, "Imeganda?"

Nikamwambia imeganda.

Nikaegemea ukuta, nikafukuza nzi, nikamaliza chakula changu chote.

Mdogo wako,
Ndila